Mashine ya kupooza maji ya tangi kwenye kaskazi ya Tanga: mwenye anemoni ainunue

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnataka kujua tu kama muinunue au muiache. Inunueni. Ukiwa na tangi la maji ya bahari nyumbani, uko Tanga au popote kwenye mwambao wetu, na ndani yake umeweka anemoni, yule mnyama laini wa baharini anayefanana na ua, mashine ya kupooza maji ndiyo ya kuwekewa fedha mwanzo, kabla ya taa za gharama, kabla ya skima kubwa (ile ya kutoa uchafu majini kwa mapovu), kabla ya vyote wanavyovisifia wenzetu wa nchi za baridi. Nimeitumia tangu kaskazi ikiwa kali mpaka masika yakaingia. Nimelala nikiisikia inanguruma, na umeme wake nimeulipia mwenyewe.

Mimi nafanya kazi duka la dawa, hapa hapa mjini. Asubuhi, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, nasoma kipimajoto cha friji ya insulini na kuandika daftarini: usiku joto lilipanda mpaka wapi, lilishuka mpaka wapi. Insulini inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na anayeitunza hatakiwi kukisia. Tabia hiyo nimekuja nayo nyumbani. Tangi langu ni la lita 200, kioo cha milimita 10 alichokata fundi vioo wa Ngamiani, nalo lina kipimajoto cha kukumbuka cha juu na cha chini, na daftari lake pembeni. Nikisema mashine imefanya kazi, nasoma kwenye daftari.

Anemoni niliye naye ni yule anayeitwa kitaalamu Entacmaea quadricolor, mwenye vidole ambavyo ncha zake hufura zikawa mviringo. Kati ya wale wanaowahifadhi samaki, huyu ndiye anayewezekana nyumbani. Heteractis magnifica ni mzuri kupita kiasi, lakini anataka mkondo mkali na mwanga mkali, na kwenye matangi ya watu hufa mapema. Stichodactyla mertensii anaweza kupita mita moja kwa upana. Huyo mwache baharini. Wangu nilipewa na mtu wa Dar es Salaam ambaye anemoni wake alijigawa. Ndivyo walivyo, mmoja hujivuta pande mbili mpaka wakawa wawili. Napenda ajulikane hivyo, kwamba hakutolewa mwambani. Pwani yetu hii, kuanzia mlango wa Mto Pangani hadi kijiji cha Mafuriko, tangu mwaka 2009 ni hifadhi ya bahari, ile ya silikanti, yule samaki wa kale, na baada ya mwamba huu kupigwa baruti miaka na miaka, mtu anayependa viumbe vya bahari hana sababu ya kwenda kumng'oa mmoja na patasi.

Sasa joto.

Miongozo mingi ya kufuga anemoni imeandikwa na watu ambao tatizo lao ni baridi. Ukurasa wa kwanza wanakwambia nunua hita. Wanataka maji yawe nyuzi 25 hadi 27, nao wanapambana kuyapandisha. Sisi tunapambana kuyashusha. Mwezi wa Februari, kabla ya mashine, daftari langu lilikuwa linasoma 28 alfajiri na 32 alasiri, na hapo dirisha liko wazi na pangaboi linazunguka. Pampu zina joto lake, taa ina joto lake, na bati la nyumba yangu linapigwa jua tangu saa mbili asubuhi.

Kuna hoja niliyoisikia mara nyingi, hata kwa watu wazima wanaoijua bahari: mbona hapo Raskazone maji yenyewe ni ya moto, na anemoni wapo? Ni hoja ya haki, nayo inataka jibu. Bahari yetu wakati wa kusi inashuka mpaka kama nyuzi 25, na mwisho wa kaskazi inapanda mpaka 29 au 30. Lakini inapanda kwa miezi. Anemoni aliyeko mwambani anapandishwa joto polepole, na joto la maji mengi yaliyo juu yake halibadiliki ghafla kwa sababu jua la saa nane limetoka. Tangi la lita 200 linapanda nyuzi nne kati ya alfajiri na alasiri, usiku linashuka, kesho linapanda tena. Halafu maji yakiwa ya moto yanashika oksijeni kidogo, na hapo hapo kiumbe anaihitaji zaidi.

Hata bahari yenyewe ikizidi kiwango, hawastahimili. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata moto kupita kawaida, na matumbawe yakageuka meupe kuanzia Kenya hadi Mafia na kwingineko, mengi hayakurudi. Anemoni hugeuka meupe kwa sababu ile ile. Ndani ya mwili wake wanaishi mwani wadogo sana, wasioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Joto likizidi, kazi ya hao mwani inaharibika, wanaanza kutoa sumu badala ya kutoa chakula tu, naye anawatema. Ule weupe unaouona ni mwili wake mtupu. Hapo anaanza kufa njaa hata kama unamlisha.

Kwa hiyo wangu alipoanza kupauka mwezi wa pili, rangi ya kahawia ikielekea manjano, alasiri anajikunja mpaka anakuwa mdogo kama ngumi, nilijua ninachokitafuta.

Nilijaribu kwanza njia za bei nafuu, na nitazisema kwa sababu wengi mtaanzia huko. Feni mbili ndogo za kompyuta zinazopuliza juu ya maji: zinasaidia, kwa sababu maji yakivukiza yanaondoka na joto. Bara, Dodoma kwa mfano, hewa ni kavu, zingeshusha vizuri. Hapa hewa imeshashiba unyevu, nilipata nyuzi moja, siku ya upepo mbili. Tena kila kinachovukiza ni maji matamu, chumvi inabaki. Ukipoteza lita 4 katika lita 200, chumvi iliyokuwa 35 kwa elfu inasogea karibu 35.7, ukiacha zipungue 12 bila kujazia, umefika 37. Anemoni hana figo ya kujirekebisha, kila kinachobadilika majini kinaingia mwilini mwake moja kwa moja. Kwa hiyo feni zinakufunga nyumbani, na dumu la maji yaliyochujwa mkononi.

Chupa za barafu nazo ni hesabu tu. Chupa ya lita moja na nusu iliyoganda hadi ndani inateremsha tangi kama langu chini ya nyuzi moja. Ili ukae sawa unahitaji chupa mfululizo tangu saa sita, na kila chupa inaleta mshtuko wake upande ule uliyoiweka. Ninazo bado kwenye friza, za dharura ya umeme kukatika. Si za kila siku.

Kisha nikaenda kwa fundi wa mafriji, Ngamiani, kijana hodari anayetengeneza friji za nusu ya mtaa wetu. Nikamweleza.

"Dada, hiyo kazi ndogo," akaniambia. "Nina kompresa ya dispensa iliyokufa ubao. Nakukunjia mrija wa kopa, mzunguko mmoja mzuri, unautumbukiza kwenye maji. Kesho jioni unachukua."

"Kopa ndani ya maji ya chumvi, fundi?"

"Inadumu, dada. Kopa si chuma, haili kutu."

Alikuwa sahihi kwa upande wake, mrija ungedumu miaka. Asiyedumu ni anemoni. Shaba inapokaa kwenye maji ya chumvi inayeyuka kidogo kidogo, na kiasi ambacho mtu hawezi kukionja kinatosha kuua anemoni, kamba, konokono, matumbawe, kila asiye na uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa nyingi za kutibu madoa meupe ya samaki hazitiwi kwenye tangi lenye anemoni: zina shaba ndani, na shaba hiyo ikishaingia kwenye mawe na mchanga inaendelea kutoka. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni mwangu, kwa sababu najua mafundi wetu wana mikono mizuri na bei nzuri, na mtu atashawishika. Usikubali mrija wa kopa uguse maji ya anemoni. Nilimweleza fundi, akasikiliza vizuri, akauliza kuhusu chuma cha pua. Nacho maji ya chumvi hukitoboa vitundu. Kinachofaa ni titaniamu. "Hiyo sina, dada, na sijui pa kuipata," akasema. "Nunua iliyotengenezwa. Ikiharibika niletee mimi." Na kweli ndiye anayeihudumia mpaka leo.

Basi nikanunua. Mashine yenyewe ni ya Kichina, ndogo, ya 1/10 ya nguvu farasi, boksi la chuma na plastiki lenye ukubwa wa spika ya wastani, tundu mbili za mpira nyuma na kioo kidogo cha namba mbele. Niliitoa Kariakoo kwa laki nane na nusu, nauli ya mzigo mbali. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji anipigie picha ya kibandiko cha nyuma, nione maneno ya titaniamu kwa macho yangu. Yeye mwenyewe hakuwa anajua kwa nini nauliza, akadhani napoteza muda wake. Wewe omba picha hiyo, hata akinuna. Kuna mashine zinazofanana nayo za matangi ya maji matamu.

Upande wa duka sikuridhika nao, na wa usafiri vilevile. Boksi lina mishale mikubwa inayoonyesha juu ni wapi, lakini nililipokea stendi likiwa limelazwa ubavu. Mashine yenye kompresa ikilazwa, mafuta yake yanakimbilia kwenye mirija ya gesi. Ukiiwasha papo hapo unaweza kuiua siku ya kwanza. Niliisimamisha siku nzima bila kuigusa, ndipo nikaiwasha. Dukani hakuna aliyenitajia jambo hilo. Mtu aliyelipa laki nane na nusu alistahili kuambiwa.

Neno jingine la dukani: "inatosha lita 500." Labda kwenye chumba cha nyuzi 22. Mashine inatoa joto majini na kulitupa kwenye hewa, na hewa yenyewe ikiwa na nyuzi 32, inapata taabu kulitupa. Kwangu, lita 200, alasiri ya Februari ilikuwa inafanya kazi karibu mfululizo kuanzia saa saba hadi magharibi. Ilimudu, lakini haikuwa na akiba. Mwenye lita 300 Tanga achukue inayofuata kwa ukubwa. Nusu ya wanachokiandika kwenye boksi ndicho cha kukiamini huku kwetu.

Pa kuiweka ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Ukiifungia chumba kimoja na tangi, itapooza maji na kupasha chumba, chumba kitapasha maji, na mita itazunguka bure. Mimi nimeitoa nje kwenye baraza, chini ya paa, ikapakana na ukuta wa chumba cha tangi. Mipira miwili inapita kwenye tundu la ukuta, nayo nimeivisha sponji ile ya mabomba ya kiyoyozi isipate joto njiani. Siku niliyoiwasha maji yalikuwa 30. Yalifika 26 usiku, baada ya isha kitambo. Tangu siku hiyo, daftari: chini 26, juu 27 na pointi moja. Nimelitazama daftari hilo kwa furaha ambayo mume wangu haielewi.

Nimeiweka kwenye 26, iwake maji yakifika 27. Wapo wanaoweka 24, wakidhani baridi zaidi ni afya zaidi. Sioni sababu. Hao ni viumbe wa bahari ya joto, na umeme ukikatika tangi la 24 lina safari ndefu zaidi ya kupanda kuliko la 26. Kwa mwenye kuishi na umeme wetu, mshtuko mdogo ndio bora. Ukikatika, nawasha pampu ya hewa ya betri kwanza, kwa sababu oksijeni haisubiri, halafu chupa za barafu moja moja kama saa zinasogea. Mashine ina subira yake ya kama dakika tatu kabla ya kuwaka tena, hilo ni zuri, lakini bado nimeipitishia kile kifaa cha kulinda friji, kwa sababu umeme ukirudi hurudi kwa nguvu.

Gharama. Kaskazi ilipokuwa kali ilikula uniti mbili hadi tatu kwa siku. Masika ilipoingia ikashuka sana, na kusi ikishika natarajia siku nyingi isiwake kabisa. Si kitu kidogo kwa mshahara wa duka la dawa. Nimeiweka kwenye hesabu ya nyumba kama navyoweka mkaa na gesi.

Kasoro zake ni hizi. Kelele: si ya kuamsha mtoto, lakini chumbani nisingeilaza. Tundu za mpira ni za milimita 16, na mpira tunaoupata madukani ni nusu inchi, ambao ni mdogo, au robo tatu, ambao ni mkubwa. Nilizunguka barabara za Ngamiani mpaka nikapata viunganishi vya plastiki, na hakikisha hata klipu za kubana ni za plastiki, maana za chuma zikitiririsha kutu inaingia majini. Namba ya kioo chake inadanganya karibu nusu nyuzi ukilinganisha na kipimajoto changu, kwa hiyo usikitupe kipimajoto chako. Wavu wa mbele unashika vumbi na nyuzi za khanga haraka, usiposafisha kila wiki mashine inapumua kwa shida na uniti zinapanda. Na skrubu za nyuma zimeanza kutu tayari, kwa hewa hii ya bahari. Fundi amenipakia grisi.

Nimemwona anemoni akirudi. Haikuwa siku moja wala mbili. Kwanza aliacha kujikunja alasiri. Kisha mdomo wake, ambao ulikuwa umelegea, ukakaza. Rangi ndiyo iliyochelewa, ikaanzia chini ya vidole, kahawia ikipanda, mpaka masika yanaanza akawa mwekundu wa kahawia kama alivyokuja. Vidole vyake vinanata ukimgusisha kipande cha kamba, asiyenata anaumwa. Mguu wake umeshika ndani ya ufa wa jiwe na haumtoki. Watu wananiuliza kuhusu zile ncha za mviringo, mbona wakati mwingine zinakuwa ndefu tu. Hizo si kipimo. Tazama mdomo, mguu, rangi na mnato. Na kujisinyaza kwa saa chache halafu akafunguka, akitoa uchafu wa kahawia mdomoni, ni kawaida yake, anabadilisha maji ya ndani. Akikaa amesinyaa siku kadhaa, mdomo wazi, utumbo unachungulia, hapo una mgonjwa. Na akianza kuyeyuka na kunuka, mtoe mara moja kwa moyo mgumu, kwa sababu mmoja aliyeoza tangini anachafua maji kwa amonia na kuua wote waliobaki.

Mashine peke yake haitoshi, na sitaki mtu aseme nimemdanganya. Tangi liwe limekaa angalau miezi sita kabla ya kumwingiza, amonia iwe sifuri, naitreti ndogo. Kila pampu ya mkondo iwe imevikwa sponji mdomoni, kwa sababu anemoni hutembea, tena usiku, na pampu iliyo wazi inamsaga. Mwanga upandishwe kidogo kidogo, hasa kwa aliyepauka. Chakula ni kamba mbichi wa soko la Deep Sea, kipande kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, mara moja kwa wiki, mbili akiwa anapona. Kipande kikubwa atakimeza mbele yako na kukitapika usiku, na asubuhi unakutana nacho kimeoza nyuma ya jiwe.

Maji nayapata bure, na hii ni neema ya Tanga ambayo mtu wa Arusha akitaka ananunua kwa chumvi ya paketi. Nayachota Raskazone kwenye bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, yanapokuwa yameingia kutoka nje ya ghuba. Napitisha kwenye kitambaa, naweka kwenye pipa lenye kifuniko gizani siku kadhaa kabla ya kuyatumia. Lakini masika hapana. Mto Sigi na Mkulumuzi vinateremsha maji matamu na matope, ghuba nzima inabadilika rangi, na refraktomita, kile kipima chumvi, inaweza kukusomea chini kabisa ya 35. Nahifadhi ya kutosha kabla mvua hazijaanza. Refraktomita yenyewe isahihishe mara kwa mara, nyingi zinahama. Na ya kujazia yaliyovukiza yasiwe ya mvua iliyopita kwenye bati, kwa sababu bati lina zinki, nayo ni madini ya kumdhuru vilevile.

Kuna habari moja inayonitia nguvu ya kufanya yote haya. Mwaka 1828, huko Uskoti, bwana mmoja aitwaye John Dalyell alimchukua anemoni mwekundu wa kawaida wa bahari yao, aina ya Actinia equina, akamtia kwenye chombo cha kioo, akawa anambadilishia maji ya bahari. Dalyell akafa mwaka 1851, anemoni akabaki. Akapita mikononi mwa walezi wengine, akaitwa Granny, akazaa mamia ya watoto, akaja kufa mwaka 1887. Hakukuwa na umeme wala skima. Kulikuwa na watu waliombadilishia maji bila kukoma, katika nchi ambayo baridi yake haikumsumbua kiumbe wa kwao. Anemoni hawazeeki kama sisi. Akifa nyumbani kwako kuna kilichomuua. Ndiyo maana siwezi kumsikia mtu akisema wa kwake "aliishi tu mwaka, basi".

Nani asinunue? Mwenye samaki watupu, bila anemoni wala matumbawe, feni zinamtosha mara nyingi. Mwenye tangi chini ya lita 100, nadhani fedha hiyo aiweke kwanza kwenye tangi kubwa zaidi, kwa sababu maji mengi ni utulivu ambao hakuna mashine inayouza. Na anayehama hama asubiri, kwa kuwa mipira na tundu la ukuta si vya kubeba.

Ningependa wauzaji wetu waandike tu vitu vitatu kwenye boksi kwa Kiswahili: kama ndani ni titaniamu, lita ngapi inamudu chumba kikiwa na nyuzi 32, na isiwashwe kabla haijasimama siku moja. Hakuna kinachowagharimu.

Sasa kaskazi imekwisha naiosha ndani: pampu ndogo kwenye ndoo, maji yenye siki yanazunguka saa moja kutoa chokaa, kisha maji safi mpaka harufu iishe, ndipo inarudi kazini. Na anemoni amejigawa. Wanaweza kujigawa kwa taabu au kwa kushiba. Huyu alikuwa ananata, mdomo umekaza, anakula, kwa hiyo namhesabia kushiba. Wa pili ameshika jiwe lake upande wa kulia na vidonda vimefunga. Nitamtoa bure kwa mtu wa hapa Tanga mwenye tangi lililokomaa. Nitakachoomba kuona ni daftari la joto la mwezi mmoja, la juu na la chini, asubuhi na jioni.